Kabla ya Kushusha Injini, Angalia Inapumulia Wapi

Wacha niseme kitu ambacho mafundi wengine hawatapenda: si kila gari ya turbo inayokula oili imemaliza ringi. Huku kwetu, kutoka Sirisia hadi Chwele, Kimilili na Kitale, gari ikitoa moshi wa buluu mara mbili tu, hukumu inatoka hapo hapo: shusha injini. Mwenye gari anauza ng'ombe ama anakopa kwa chama. Injini inarudishwa, na kuna wakati moshi unarudi nayo, kwa sababu hakuna aliyeangalia injini inapumulia wapi.

Ndiyo, injini inapumua. Hakuna ringi inayoziba asilimia mia. Mafuta yakiwaka juu ya pistoni, gesi kidogo hupenya pembeni na kushuka kwenye krenki. Huko inachanganyika na oili inayorukaruka na kuwa ukungu wenye matone. Isipopata njia ya kutoka, itajitafutia: kwa sili, kwa gasketi, hata kwa kusukuma juu kijiti cha kupimia oili. Turbo nayo inaumia, kwa sababu oili yake hurudi kwa sampu kwa kuteremka tu. Huko chini kukiwa na presha, oili haiteremki. Inapenya kwa sili za turbo na kuingia kwa egzosi. Wewe unaona moshi, unanunua turbo nyingine, na shida bado iko pale pale.

Kazi ya kuondoa gesi hiyo ni ya valvu ya PCV na mipira yake. Ukiendesha polepole, menifoldi inavuta, valvu inafunguka, gesi inarudi kuchomwa. Ukikanyaga, menifoldi inajaa presha ya turbo, kwa hivyo valvu lazima ifunge, na gesi ipite kwa mpira mwingine unaoenda mbele ya turbo. Sasa valvu ikikwama wazi? Turbo inapuliza hewa moja kwa moja ndani ya krenki. Kitu kidogo kama kidole kinafanya injini nzima ionekane mzee.

Na sisi vijana tunaipenda Subaru. Colin McRae alishinda Safari Rally na Impreza mwaka wa 1997, wengi wetu hata hatujazaliwa, lakini mapenzi tulirithi. Shida ni kwamba sheria ya Kenya inaruhusu gari kuingia ikiwa na hadi miaka 8. Forester XT inaweza kufika hapa mipira yake tayari imekauka. Halafu tunaongeza busti. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na turbo inabidi izunguke kwa kasi zaidi kuliko ingekuwa Mombasa kupata nguvu ile ile. Busti zaidi, gesi zaidi chini.

Hapo ndipo mtu anafunga kile kikopo cha kunasa oili. Mimi si adui wa kikopo. Kinazuia oili isifike kwa intakula na ndani ya silinda, ambako inaweza kufanya injini igonge. Lakini vile vya bei rahisi mara nyingi ni kopo tupu: hakuna wavu, hakuna vizuizi ndani, ukungu unaingia na kutoka. Na kikopo hakitibu ringi. Ukikimwaga kila wiki na kila wiki kimejaa, kinakwambia kuna ugonjwa. Usikizoee tu.

Wale wanaochomoa mpira na kuachilia gesi hewani, tafadhali. Harufu inaingia ndani ya gari, oili inamwagika barabarani, na krenki inakosa mvuto wa kuisafisha. Magari ya zamani yalikuwa hivyo, na California ilianza kuachana nayo mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa sababu ya hewa chafu. Kwani sisi tunarudi huko kwa nini?

Kabla ya kushusha chochote, washa injini, iache ingurume polepole, ufungue kifuniko cha kumiminia oili na uweke mfuko mwepesi wa plastiki juu. Ukivutwa kidogo, ni dalili nzuri. Ukifura kama puto, toa valvu, angalia mipira yote, badilisha iliyoziba au kupasuka. Bado unafura? Sasa pima kompresheni na kuvuja kwa kila silinda. Hapo ndipo ringi zinaweza kushtakiwa, zikiwa na ushahidi. Na ukikuta ute mweupe chini ya kifuniko asubuhi ya baridi, usikimbilie kusema gasketi. Safari fupi hufanya hivyo. Angalia kwanza kama maji ya redieta yanapungua.

Lakini lawama si ya fundi peke yake. Sisi wateja tunalipa spea na tunakataa kulipa vipimo. Fundi akipima saa nzima kisha aseme tatizo ni mpira, tunamwambia hajafanya kazi. Basi anajifunza kwamba pesa iko kwa kushusha injini. Ukitaka akuambie ukweli, mlipe kwa saa aliyotumia kuutafuta. Hiyo itakuachia ng'ombe wako nyumbani.