Siki bustanini: ijue kazi yake kabla ya kuimwaga

Huenda wewe ni mmoja wa wale ambao wakifunga safari ya kwenda nyumbani mwisho wa mwezi hubeba sukari, mkate, mafuta ya kupikia na, siku hizi, chupa mbili tatu za siki nyeupe. Zamani siki ilikuwa ya kachumbari na chipsi. Sasa imepata sifa nyingi mpya. Tunaambiwa inaua magugu, inafukuza wadudu, inarutubisha udongo, na kwamba haina madhara yoyote kwa kuwa sisi wenyewe tunaila. Mwanafunzi aliye likizoni huyasoma hayo kwenye simu, humweleza mama, na kabla ya jua kutua chupa imekwisha kumwagwa kati ya sukuma wiki na mnavu.

Juma hili tuiangalie siki kwa makini, na tuipeleke Tongaren, pale kaskazini mwa Bungoma ambapo ardhi inapakana na Trans Nzoia. Wasomaji wengi wa ukurasa huu wana wazazi huko au jirani zake. Bustani ya nyuma ya jikoni si pambo katika boma la Tongaren. Mahindi huvunwa mara moja kwa mwaka, na fedha zake huwa zimekwisha kupangiwa karo na mbolea. Mafungu ya mboga yanayopelekwa sokoni Naitiri au Ndalu ndiyo yanayonunua sabuni, chumvi na daftari katikati ya mwaka. Mtu akiikausha bustani hiyo kwa kutojua, nyumba nzima itahisi.

Kwanza, siki ni nini hasa? Ile ya dukani ni maji yaliyo na asidi ya asetiki, kwa kawaida sehemu 5 katika 100. Hiyo asidi ndiyo inayokufanya ukunje uso. Ikigusa jani laini hupasua utando wa chembe zake, maji hutoka, na jani hukauka kwa saa chache tu jua likiwa kali. Ndiyo maana anayeijaribu asubuhi huamini kufikia jioni kwamba ameona muujiza.

Lakini jani si mmea mzima. Mwaka 2002 watafiti wa Idara ya Kilimo ya Marekani huko Beltsville, Maryland, walijaribu siki ya nguvu mbalimbali juu ya magugu. Waligundua kuwa ile ya asilimia 5 na ya asilimia 10 iliua magugu yaliyokuwa katika wiki mbili za kwanza za maisha yake. Yaliyokuwa yamekomaa yalihitaji asidi kali zaidi. Kishona nguo kilichochipuka juzi kitakufa kwa siki ya jikoni. Sangari haitakufa, wala ndago. Mkulima yeyote wa Tongaren atakuambia kuwa sangari hujificha chini, mizizi yake ikitambaa kama kamba, na ukikata kipande kimoja umepanda kingine. Siki hukausha majani ya juu, baada ya siku chache sangari inarudi, na wewe unarudi dukani. Hapo jembe, uma wa kulimia na subira ni bora kuliko kreti nzima ya siki.

Kuna pia jambo ambalo wanaoisifu hawalisemi kwa sauti: siki haichagui. Haijui hili ni gugu na hili ni mrenda. Ukinyunyizia kati ya mistari ya mboga na upepo ukavuma, mboga zako zitaungua vilevile. Mahali pake panapofaa ni pale usipotaka kitu chochote kiote: nyufa za saruji uani, kando ya veranda, njia ya changarawe ya kwendea choo. Chagua siku ya jua, mvua isiwe karibu, na unyunyizie magugu yangali machanga.

Sasa tuje kwenye hoja ya kurutubisha udongo, ambayo kwa maoni yangu ndiyo mbaya kuliko zote. Ardhi ya Tongaren ilikuwa sehemu ya mashamba makubwa ya walowezi. Katika miaka ya 1960 iligawiwa wakulima wa Kiafrika, na wazee wa huko hadi leo wakitaja mahali husema "skimu". Mwaka 1964 kituo cha Kitale kilitoa mbegu ya mahindi chotara H611, na tangu wakati huo eneo zima la Kitale na Bungoma limekuwa likipanda mahindi juu ya mahindi. Pamoja na mbegu ikaja mbolea, hasa DAP. Mbolea hiyo imejaza maghala mengi, hakuna ubishi. Ila naitrojeni iliyomo ni ya aina ya amonia, na vijidudu vya udongoni vinapoigeuza iweze kutumiwa na mmea, asidi huzalishwa. Msimu mmoja hauonyeshi kitu. Miongo kadhaa, huku mvua nyingi ikiosha chokaa ya asili na mavuno yakibeba kilichobaki, imeacha mashamba mengi ya upande huo na udongo mchachu.

Udongo ukishachacha, madini ya aluminiamu na chuma yaliyomo hushika fosforasi na kuizuia isifike kwenye mizizi. Mkulima ananunua mbolea, anaiweka, na mmea unaendelea kulala njaa. Mahindi machanga yenye majani ya rangi ya zambarau pembeni ni dalili mojawapo ya njaa hiyo. Udongo kama huo unaomba chokaa. Kuumwagia asidi ni sawa na kumpa mwenye vidonda vya tumbo maji ya ndimu.

Ili tusiionee siki, yafaa ieleweke kwamba asidi yake haidumu ardhini. Vijidudu huila na kuimaliza kwa muda mfupi, hivyo kikombe kimoja hakitaharibu shamba la babu. Kinachoumia ni mizizi myororo na nyungunyungu walio pale inapomwagika. Na chakula cha mmea hakimo ndani yake. Samadi iliyooza vizuri inacho, na Tongaren samadi haipatikani kwa chupa.

Hebu tugusie usalama. Siki ya mezani ni asilimia 5, lakini kuna asidi ya asetiki kali inayouzwa kwa ajili ya viwanda na maabara. Inayozidi asilimia 10 huweza kuunguza ngozi, na ikiingia jichoni huweza kuleta upofu. Usiinunue kwa bustani ya nyumbani. Pia usichanganye kamwe siki na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, ile ambayo nyumba nyingi huiita Jik. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na ndani ya choo au bafu dogo gesi hiyo huziba pumzi kabla hujapata mlango.

Baada ya kuikemea hivi, tuipe siki haki yake. Panga, visu vya bustani na mikasi iliyoshika kutu huipenda sana. Mimina siki kwenye beseni la plastiki, lowesha sehemu ya chuma usiku kucha, mpini ukiwa nje, kisha sugua kwa brashi au waya wa kuoshea sufuria. Suuza kwa maji yenye magadi ya kupikia kidogo ili kuondoa asidi iliyosalia, kausha mara moja na upake mafuta. Ukiacha bila mafuta kutu itarudi. Tahadhari kwa wenye ndoo na makopo ya kumwagilia maji yaliyotengenezwa kwa mabati na mafundi wa jua kali: siki hula ile zinki inayokinga bati, kwa hiyo vyombo hivyo vioshe kwa sabuni tu. Nanyi wa mjini mnaomwagilia maua kwa maji ya kisima cha kuchimbwa, yale magamba meupe kwenye vyungu vya udongo hulegea yakilowekwa kwenye maji na siki kwa vipimo sawa. Hamisha mmea kwanza.

Kazi ninayoipenda zaidi ni ya upimaji, na wanafunzi wataifurahia. Chukua udongo mkavu, vijiko viwili hivi, utie kwenye kikombe na umwagie siki. Ukiona povu, udongo una chokaa nyingi. Chukua udongo mwingine, ufanye tope kwa maji safi ya mvua, kisha nyunyizia magadi ya kupikia. Tope likitoa povu, udongo huo ni mchachu sana. Povu katika vikombe vyote viwili ni gesi ya kaboni dioksaidi, inayotoka asidi inapokutana na kaboneti. Kwa Tongaren nategemea kikombe cha kwanza kinyamaze. Hata hivyo hiki ni kipimo cha jikoni. Kinakuonyesha mwelekeo tu, hakikuambii uweke magunia mangapi.

Siki hiyohiyo itakusaidia siku ya kununua chokaa ya kilimo. Weka kijiko cha unga huo mweupe kwenye kisahani na udondoshee siki. Chokaa ya mawe yaliyosagwa hutoa povu, nayo jasi haitoi. Ile yenye magnesiamu nyingi hutoa povu polepole, na iliyochomwa inaweza isitoe kabisa ingawa nayo ni chokaa, kwa hiyo usianze kumgombeza mwenye duka la pembejeo. Mwombe akuonyeshe maandishi kwenye gunia. Asiye na fedha za chokaa anaweza kutawanya majivu ya kuni, kwa wembamba, wiki kadhaa kabla ya kupanda. Asiyachanganye na DAP wala yurea siku moja, maana naitrojeni itapaa hewani kama amonia.

Ukitaka jibu la uhakika, peleka udongo maabara. KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, lina maabara ya udongo Kabete, Nairobi, na wewe uliye mjini unaweza kuubeba ukirudi kutoka nyumbani. Mwambie mama akuchotee kutoka sehemu kumi hivi za bustani, kina cha sentimita 20, mbali na shimo la takataka na pale majivu yanapomwagwa. Changanya vyote kwenye beseni safi, toa kama nusu kilo, anika kivulini, tia kwenye mfuko usiowahi kubeba mbolea, na uandike juu yake mahali ulipotoka, tarehe, na kilichopandwa hapo msimu uliopita.