Cha juu kinamla dalali

KUTOKA BONDENI
Na Mzee Ngalawa

Wiki iliyopita kijana mmoja wa hapa Sanje alinijia na daftari. Kamaliza kidato cha nne, ana simu na baiskeli ya kuazima, na ameamua kuwa dalali wa viwanja. Kwenye daftari kulikuwa na hesabu moja tu: mwenye kiwanja anataka shilingi milioni 3, mnunuzi wa Dar es Salaam ametajiwa milioni 4 na nusu. "Mzee, cha juu changu," akasema. "Nikipiga dili tatu za namna hii, nanunua heka yangu ya miwa."

Sikumcheka. Kazi ameichagua vizuri. Tangu lami ya Kidatu hadi Ifakara ikamilike, kilomita 66.9 ambazo zamani zilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, wageni wanaouliza viwanja wameongezeka. Na Sanje haina pa kutanukia: mlimani ni Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa tangu 1992, bondeni ni miwa. Ardhi ya kuuza ni kidogo, na kidogo hicho kinahitaji mtu wa kukieleza.

Alichokosea ni mtaji: anadhani ni bei ya siri. Mjini muuzaji na mnunuzi huachana siku ya malipo, wasikutane tena. Hapa mnunuzi akija kujenga, fundi wake atakuwa mpwa wa muuzaji. Kabla ya bati kupanda watakuwa wamekaa msiba mmoja, na bei itatajwa. Siku hiyo milioni 1 na nusu itakuwa na jina, na jina lenyewe ni la kijana wangu. Nani atampa kiwanja kingine auze?

Mtaji wake ni kuijua ardhi kuliko mgeni. Mgeni huja Septemba, akakanyaga ardhi kavu, akapiga picha. Dalali wa hapa ndiye anayejua maji ya masika yalifika wapi. Waliouona Mto Lumemo ukifurika Ifakara hawahitaji kuelezwa thamani ya habari hiyo. Ndiye wa kusema kwamba hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kutoka katikati kila upande, na anayejenga humo anasubiri X nyekundu. Ndiye wa kukumbusha kwamba Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza ujenzi ndani ya mita 60 kutoka mtoni.

Kisha kuna karatasi. Ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria Na. 5 ya 1999, na chini yake muhuri wa mtendaji peke yake hautoshi. Idhini ni ya Halmashauri ya Kijiji, nayo huonekana kwenye muhtasari wa kikao. Mahakama zimeshabatilisha mauzo yaliyoruka hatua hiyo. Na kama kuna nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenza.

Kwa kazi hiyo, asilimia 10 iliyotajwa wazi ni halali yake. Kwa kiwanja kile ni laki 3. Najua atakachojibu: ukitaja asilimia yako, wanakuruka. Unamwonyesha mtu kiwanja leo, kesho anarudi usiku kwa mwenyewe, wanamalizana, wewe umebaki na jua na pancha. Ni kweli, na hapo lawama ni yetu wazee. Tunawaita vijana matapeli kwa sababu ya cha juu, halafu tunawanyima asilimia waliyoisema hadharani. Dalali aandikiane na mwenye kiwanja kabla ya kumleta mtu, mashahidi wawili wasaini, na sisi tuheshimu saini zetu.

Na ile heka ya miwa? Itachelewa. Kwa laki 3 hainunuliki mwaka huu. Lakini inatosha kuanzia kukodi kipande cha mpunga kwa msimu mmoja, avune, auze, ajifunze ardhi inalipa vipi kabla ya kuimiliki.

Nilimwambia achore mistari upya kwenye daftari: maji, barabara, mto, kikao, mwenza. Bei iwe safu ya mwisho. Akaondoka kanuna kidogo.

Jumanne alirudi. Alikuwa ameanza na safu ya mwenza, kwa kuwa nyumba ya mwenye kiwanja iko njiani. Alimkuta mama anapepeta mchele, akamuuliza habari za kuuza. Mama aliweka ungo chini: "Kiuzwe kiwanja kipi?"

Ile milioni 1 na nusu ilikuwa bado imeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza. Aliikata kwa mstari mmoja, akafungua ukurasa wa pili.