Picha ya Kitabu Si Mtoto wa Kambo

Wako wajuzi wa sanaa wasemao kwamba picha iliyotundikwa ukutani ni sanaa, na picha iliyopigwa chapa kitabuni ni kibarua tu. Hukumu hiyo naikataa, na shahidi wangu ni Lois Mailou Jones, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Boston mwaka 1905 akafariki Washington mwaka 1998.

Juu ya ustadi wake wa rangi hapana ubishi. Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Howard toka mwaka 1930 hata 1977, na huko Paris, mwaka 1938, alichora *Les Fétiches*, picha ya vinyago vya Kiafrika. Lakini mwaka 1941, alipotaka kushindania tuzo katika jumba la Corcoran mjini Washington, wasanii Weusi hawakuruhusiwa. Basi rafiki yake Mfaransa, Céline Tabary, ndiye aliyeipeleka picha. Picha ikashinda, mwenyewe hakuonekana. Jumba lile lilimwomba radhi mwaka 1994, miaka 53 baadaye.

Ukuta ulimkataa, lakini kitabu kilikuwa kimekwisha kumpokea. Katika mji uo huo Carter G. Woodson, mwanahistoria Mweusi, alikuwa na shirika la kuchapisha vitabu, Associated Publishers. Lois alilichorea vitabu vya watoto: mashairi ya Gertrude Parthenia McBrown mwaka 1935, na ngano zilizokusanywa na Helen Adele Whiting mwaka 1938. Humo mtoto Mweusi aliuona uso wake bila dhihaka, zama ambazo vitabu vingi vya shule vilimsahau au vilimkejeli.

Watajibu kwamba kazi ya kuagizwa haina uhuru. Ajabu! Dari ya kanisa la Sistina iliagizwa na Papa Julius wa Pili. Mbona Michelangelo hawamwiti kibarua? Aidha, jumba lenye uhuru wote wa kuchagua ndilo lililomfungia mlango msanii kwa rangi ya ngozi yake, na shirika dogo lenye maagizo ndilo lililompa nafasi ya kusema na watu wake.

Kwa hiyo mwanafunzi atakayeandika maisha ya Lois akazisifu picha za ukutani na kuviacha vitabu vile, atakuwa amekubali kipimo cha walewale waliomkataa. Ataandika nusu ya maisha yake, na nusu atakayoiacha ndiyo iliyofika mikononi mwa watoto.