Kioo cha ND cha kuzungusha kisiingie kwenye video za magonjwa ya mimea

Leo naweka mbolea pembeni. Nataka kuzungumzia kile kioo cheusi kinachofungwa mbele ya lenzi, unakizungusha giza linaongezeka, wapiga video wanakiita ND ya kuzungusha. Siku hizi kila mafunzo ya video tunayoitwa, mtaalamu kutoka mjini anatuambia kwamba bila kioo hicho video yetu si ya kitaalamu. Wenzangu maafisa ugani wananunua kwa posho zao. Mimi napinga.

Anayekisifia ana hoja, tusimwonee. Video ya fremu 25 kwa sekunde inapendeza ikiwa shata ni 1/50, jembe linaonekana linakwenda badala ya kurukaruka. Sasa jua la saa sita hapa Mkula, kwa ISO 100 na shata hiyo, linakulazimisha ufunge lenzi hadi karibu f/22. Ukitaka f/2.8 ili nyuma ya mkulima pawe na ukungu, lazima upunguze mwanga hatua 6, yaani mara 64. Kioo kinafanya hivyo, na wingu likipita unazungusha tu. Kwa harusi sina ugomvi nacho.

Lakini hicho si kioo kimoja. Ni viwili vilivyopandana, vya aina ile ya miwani ya jua inayoua mng'ao wa maji. Yaani unapopunguza mwanga, unagusa pia mng'ao, na mng'ao kwetu ni dalili. Mkulima wa pamba tunamfundisha awatambue wadudu mafuta kwa kuangalia jani linalong'aa na kunata, kwa sababu ya ule utomvu mtamu wanaoutoa. Halafu tunamtumia video ambayo mng'ao umefifia! Mbaya zaidi, ukizungusha kioo katikati ya kupiga, jani lile lile linang'aa, linafifia, linang'aa tena. Mkulima afuate lipi?

Rangi ndiyo inayoniudhi kabisa. Vioo vya bei nafuu, ambavyo ndivyo tunavyomudu, vinatia rangi yao kwenye picha, mara umanjano, mara ubuluu, na inabadilika kadiri unavyozungusha. Kazi yetu yote ni rangi. Chawajani wanaanza kwa kuifanya kingo ya jani la pamba iwe ya njano, kisha nyekundu. Mahindi yenye njaa ya naitrojeni yanaanza njano kwenye ncha za majani ya chini, ikiingia katikati kufuata mshipa mkuu. Yenye upungufu wa fosforasi yanakuwa na zambarau. Msimu uliopita mama mmoja alinionyesha video kwenye simu yake, akaniambia, "Bwana shamba, yangu yako sawa, yanafanana na haya." Video ilikuwa inaonyesha mahindi yenye afya, ila yote yalikuwa na umanjano, hata shati jeupe la aliyekuwa anaeleza. Nilipofika shambani kwake nikakuta mahindi yanalia njaa ya naitrojeni, na muda mzuri wa mbolea ya kukuzia ulishapita. Aliyepiga video hiyo alipata sifa nyingi kwenye kundi letu la WhatsApp kwa "mwonekano wa kisinema".

Wataniambia rangi inarekebishwa kwenye kompyuta. Ni kweli, kama umekaa na kioo sehemu moja muda wote. Ukizungusha, rangi imehama nawe unaikimbiza. Na ukikifikisha mwisho kwenye lenzi pana, unapata msalaba wa giza katikati ya picha, ambao hakuna programu itakayouondoa vizuri. Na hiyo kompyuta iko wapi? Video zetu nyingi zinatoka kwenye simu shambani na jioni ile ile ziko kwa mkulima.

Hata ile shata ya 1/50 inayotetewa kama sheria, nani aliuliza kama inamfaa mkulima? Mkulima hatazami video kama filamu. Anaisimamisha, anaivuta kwa vidole viwili, anamtafuta funza ndani ya kitumba. Kwa shata ya 1/1000 fremu iliyosimamishwa inakuwa kali. Kwa 1/50, mkono ukitikisika kidogo au upepo ukipiga jani, anaona ukungu. Kwa simu hata hoja ya kufifisha nyuma haisimami, maana kitambuzi chake ni kidogo na kamera inaona karibu kila kitu wazi.

Fanya hivi. Piga kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi, au baada ya saa 10 jioni. Ukilazimika kupiga mchana, mwenzako akinge jani kwa kitambaa cheupe. Kiwe cheupe kweli, maana khanga nyekundu itakupa jani jekundu. Weka karatasi nyeupe kando ya jani kwenye sekunde za mwanzo, mkulima aone nyeupe ni nyeupe. Kwenye simu, bonyeza jani kwa kidole ushikilie mpaka mwanga ujifunge, ndipo uanze kueleza.

Mwenye kamera kubwa ambaye hawezi kuishi bila kioo cha giza anunue ND ya kudumu, isiyozunguka, akaijaribu mbele ya karatasi hiyo hiyo dukani kabla ya kutoa hela. Karatasi ikitoka na rangi, amrudishie muuzaji kioo chake.