Mashine ya Makasia Nusura Itugombanishe

Mwezi huu nina kisa cha sebuleni kwangu.

Daktari alimpima Baba Neema, akakuta presha iko juu. Akamwambia bila kumung'unya maneno: mazoezi, angalau dakika 150 kwa wiki. Jimu ilishatushinda, maana foleni inamfikisha nyumbani saa tatu usiku. Nikasikia mashine ya kupiga makasia inafanyisha kazi miguu, mgongo na mikono kwa pamoja, bila kuumiza magoti. Nikaenda dukani peke yangu, nikachukua ya bei poa. Sapraizi!

Kumbe nimechukua ya mabomba ya mafuta, yanayofanya kazi kama shokapu za pikipiki. Ni ndogo na haina kelele, sawa. Lakini ukivuta kwa muda mafuta yanapata moto, ugumu unapungua. Wiki ya tatu tukawa tunaanikia taulo. Nikimkumbusha, ananuna. Siku moja akafunguka: "Mama Neema, ulivyoniletea lile dude mbele ya wageni, niliona unanicheka kitambi."

Jamani, niliishiwa maneno. Nikamwomba radhi, tukakubaliana safari hii twende wote.

Yeye alitaka ya feni. Ndugu wawili wa Marekani, Dick na Pete Dreissigacker, walitoa ya kwanza ya Concept2 mwaka 1981, wakitumia gurudumu la baiskeli, na wapiga makasia wa mashindano bado wanajipima kwa mashine za aina hiyo. Kadiri unavyovuta kwa kasi, ndivyo hewa inavyokugomea. Tatizo ni mvumo wake. Sisi tunakaa ghorofani, Neema analala nyuma ya ukuta wa sebule, na muda pekee wa baba yake ni usiku.

Ya maji nayo ina tangi lenye panga zinazokoroga maji ndani. Inavutika laini, na sauti yake ni ya maji yanayochotwa. Nayo inakuwa ngumu kadiri unavyoongeza kasi. Ila maji yanaongeza uzito, lazima uyawekee dawa yasiote ukijani, na bei ilitushinda.

Tukaishia kwenye sumaku. Iko kimya, na ugumu unauchagua mwenyewe kwa kuzungusha kitasa. Mwanamichezo anaweza kuiona imepoa, kwani nyingi haziongezi ugumu sana ukivuta kwa kasi kama ya feni. Kwetu inatosha. Ukienda kununua, uliza kama inahitaji umeme au betri tu, maana umeme wetu unaujua. Kisha kaa uvute: miguu inyooke mpaka mwisho wa reli. Nyumbani nako pima nafasi, kubwa zinafika karibu mita mbili na nusu.

Sasa saa tatu na nusu usiku anavuta, mimi namhesabia dakika, mtoto kalala. Kliniki iliyopita presha ilikuwa imeshuka. Dawa bado anakunywa, hiyo ni kazi ya daktari.

Kwa hiyo shosti, na wewe kaka, kabla ya kuuliza ipi kali, kaeni wawili mjiulize: itatumika saa ngapi, na nani atakuwa amelala? Na mwili wa mwenzio usiununulie sapraizi.

Tukutane mwezi ujao!