Kamba ya mguuni inakata damu ya mbuzi

Kwenye nchi zenye farasi wengi, mtunzaji mzuri anainama kila asubuhi, anaweka vidole nyuma ya kifundo, juu kidogo ya kwato, anatafuta mapigo ya damu. Farasi mzima aliyepumzika, moyo wake unapiga mara 28 mpaka 44 kwa dakika, na kule chini mguuni mapigo ni madogo, hata kuyapata ni kazi. Siku yakipiga kwa nguvu, anajua ndani ya kwato kuna ugonjwa, anaita daktari. Madaktari wa mifugo nao wako na mashine yenye kusikilizisha damu ikipita. Hata bandeji wanaiogopa, juu ikikazwa sana inaumiza kano za mguu.

Bandeji ni kitambaa, tena kipana. Sisi tunafunga mbuzi kwa kamba nyembamba ya nailoni, ao kwa kipande cha mpira wa pikipiki.

Ni kweli, hapa Bunia si inchi ya farasi. Lakini mguu wa mbuzi na wa ng'ombe, kwa jambo hili, ni kama wa farasi: chini ya goti hakuna nyama ya kuukinga. Ni ngozi, kano, mfupa, na mishipa ya damu katikati. Kamba ikikaa pale inabana mishipa moja kwa moja. Tena damu ya kushuka inasukumwa na moyo, lakini ile ya kurudi juu inasaidiwa sana na hatua za mnyama. Mbuzi aliyefungwa miguu minne na kulazwa nyuma ya pikipiki hapigi hatua hata moja. Ndiyo maana anafika sokoni mguu umevimba. (Na akilala kwa mgongo hawezi kucheua wala kutoa hewa ya tumbo, anaweza kufa kabla ya kufika. Hiyo ni habari ingine.)

Mpira ndio mbaya kupita yote. Nailoni ukiikaza inabaki vile ulivyoikaza, lakini mpira unaendelea kuvuta. Wafugaji wanaujua vizuri ule mpira mdogo wa kuhasi: unabana, damu haipiti, nyuma ya wiki chache mapumbu yanakauka na kuanguka. Hakuna kisu, hakuna dawa. Sasa mtu atashangaa nini kama mguu uliofungwa mpira usiku kucha unakuwa baridi, unakuwa mweusi, kisha kwato inatoka?

Kuna wanaosema mbuzi wa kuuzwa ataenda kuchinjwa tu, mguu wake ni wa nini. Hatukubali. Mchinjaji anakata na kutupa nyama yenye damu iliyoganda, na hasara hiyo ataitoa kwenye bei ya mwenye mbuzi. Tena si wote wanaenda kuchinjwa. Kuna familia zilizokimbia vita Djugu na Irumu, mifugo yao ikaibwa, leo wanaanza upya na mbuzi jike moja. Huyo ndiye minervale ya mtoto. Akipoteza mguu, hawezi kufuata majani wala kubeba mimba vizuri.

Kupima damu ya mguu hakuombi mashine. Mapigo ya chini kwenye mguu wa mbuzi ni magumu kuyapata kwa kidole kisichozoea, basi tumia joto. Fungua kamba, weka mgongo wa mkono wako kwenye mguu uliofungwa, toka goti mpaka kwato, kisha kwenye mguu wa upande wa pili. Ukiwa baridi kuliko mwenzake, damu haipiti vizuri. Ukiwa wa moto na umevimba, kuna jeraha ao ugonjwa. Angalia katikati ya kwato kabla ya kukimbilia sindano. Kwa mbuzi mwenye ngozi nyeupe, bonyeza ngozi ya katikati ya vidole mpaka ipauke, achia, hesabu. Rangi ikikawia kurudi kuliko kwa mguu mwingine, hiyo ni alama. Na mguu ukibaki baridi hata baada ya kamba kutoka, usingoje kesho, ita daktari wa mifugo.

Kwa kufunga malishoni, kamba iwe ya shingoni, pana, vidole viwili vipite chini yake. Kwa safari, kikapu kikubwa ao sanduku la mbao lenye matundu, mbuzi akae kwa tumbo lake.

Motari atalalamika kwamba kikapu kinakula nafasi ya abiria. Ana haki, naye anatafuta chakula. Kwa hiyo tunaomba kila komite ya koperative ifanye mambo mawili: ichangie kikapu kimoja cha wote na kumlipa motari ile nafasi, na siku ya mauzo ya pamoja isipokee mnyama yeyote aliyefungwa kwa mpira. Mwenye mbuzi akikasirika, afunguliwe mpira palepale mbele yake, aguse mwenyewe ile miguu miwili.