Amplifaya Katika Somo la Sayansi

Katika Didia, kama kwingineko Usukumani, amplifaya husikika ngomani, ibadani na mikutanoni. Ni maoni yetu kwamba mwalimu wa sayansi asiipite. Maikrofoni hutoa milivolti chache tu. Tundu la kutolea sauti la redio huweza kufikia volti moja. Redio ikiunganishwa kwenye tundu la maikrofoni, sauti hukwaruza, na watu hudai mashine kubwa zaidi. Fedha ya shule huweza kupotea hivyo, kumbe kosa li katika tundu. Basi, walimu wenzetu, kabla ya kuandika ubaoni, wanafunzi na wasikie tofauti hiyo kwa sauti ndogo, kisha waieleze wenyewe. Amplifaya hukuza kilichoingia, haikisahihishi.